Mashudu Yaliyorudi

Rangi nyekundu iliupata mkebe wa Mama Usafi saa moja na robo asubuhi, mbele ya foleni nzima ya kituo cha maziwa. Mpimaji alichovya brashi kwenye kopo, akapiga mstari mnene ubavuni mwa mkebe, akapiga wa pili ukaukata wa kwanza, kisha akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Hakumtazama mwenye mkebe.

"Huo ni wangu," Mama Usafi akasema.

"Najua, shemeji."

"Basi umekosea."

"Mia na sitini na nane. Mwisho ni mia. Nimerudia mara mbili, nikabadilisha hata chupa."

Foleni ilirudi nyuma hatua moja bila ya mtu kuamrisha. Mikebe iliburutwa juu ya saruji. Ungekuwa mkebe wa mwingine, pengine watu wangeguna kwa huruma. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akisugua mkebe wake mara mbili kwa maji ya moto, akaufunika kwa kitambaa cheupe, akakataa kumwazima hata jirani wa ukuta mmoja. Jina la Mama Usafi walimpa nusu kwa sifa, nusu kwa kijembe.

"Leo Usafi kaingia doa," mtu mmoja alisema huko nyuma, na wachache wakacheka.

Mpimaji aliyamimina maziwa yote ndani ya pipa la buluu lenye kufuli. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Usafi. Siku ya mazishi ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza.

Ulikuwa mwezi wa saba tangu kinu cha nyuklia kipasuke ng'ambo ya milima. Upepo, walivyoambiwa, uliivusha ile sumu upande wa pili, kwenye mashamba makubwa ya alizeti, ukawaacha wao. Hata hivyo amri ilitoka: marufuku kuchunga nje, marufuku kukata majani, ng'ombe wakae bandani na kula cha kununua. Maziwa ya hapa yalikwenda kiwandani kusagwa unga, unga ukapanda meli, na huko uendako walitaka cheti kwa kila shehena. Ndipo ikaletwa mashine ya kupima sumu hiyo, ikawekwa kwenye kijumba cha vigae karibu na mizani: chungu kizito cha madini ya risasi chenye mfuniko, kinachomeza chupa moja ya maziwa na kuitafakari kwa dakika kumi kabla ya kutoa namba. Zamani kituoni hapo hawakupimiwa chochote isipokuwa maji waliyoyatia ndani ya maziwa.

Mama Usafi alirudi nyumbani na mkebe mtupu wenye msalaba. Binti yake wa miaka sita alikuwa amekaa kizingitini, kikombe kimemfunika uso mpaka kwenye paji. Maziwa ya jana jioni. Mama alikipokonya kile kikombe kwa nguvu hata kikamgonga mtoto meno.

"Mama!"

"Usinywe."

"Si umenipa wewe?"

Mama aliyamwaga maziwa nyuma ya nyumba, halafu akasimama akiyatazama yanavyozama mchangani, akakumbuka kuwa hata kuyamwaga chini kumekatazwa.

Bandani kulikuwa na ng'ombe wawili, mweusi na wa madoa, na mtamba mmoja aliyekuwa akitegemewa kupata mimba mwaka huo. Aliwazunguka, akawapapasa, kana kwamba namba ile ingekuwa imejificha kwenye ngozi kama kupe. Majani hakukata. Nje hawakutoka. Maji ni ya bomba lile lile wanalokunywa watu wote. Kilichobadilika ni kimoja tu. Wiki tatu nyuma nyasi kavu alizohifadhi kabla ya ajali zilikuwa zimekwisha, kabla ya za wenzake maana kibanda chake ni kidogo, na akawa wa kwanza kununua mashudu mapya, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yaliyoletwa kwenye duka la ushirika. Yalikuwa rahisi kuliko ya zamani. Alikuwa hata amemshukuru Mwenyekiti wa ushirika, anayeliendesha duka hilo, kwa mikono miwili.

Alilivuta gunia lililokuwa limebakia robo. Gunia jeupe, halina maandishi yoyote. Nyuzi za mshono zilikuwa zikining'inia kwa nje, na kwa muda alilitazama tu, kama mtu anavyomtazama aliyevaa shati kinyume akaona haya kumwambia. Kisha akamwaga mashudu kwenye beseni na kuligeuza gunia.

Ndani kulikuwa na picha ya ua la alizeti, jina la kiwanda cha ng'ambo ya milima, na maneno *Kwa Soko la Nje Tu*. Juu ya ua ulipigwa muhuri uliolala upande, kwa lugha mbili. Moja hakuijua. Ya pili ilisema: *Imekataliwa. Irudishwe ilikotoka.*

Alilivuta la pili, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, akachungulia kwenye pembe kwa kulichana kidogo kwa kisu. Ua. Muhuri. La tatu, vile vile.

Mchana, kituo kikiwa kimefungwa, alimkuta shemeji yake kwenye kijumba cha vigae akila mkate kwa chai. Aliweka gunia tupu mezani, na juu yake mfuko wa mashudu.

"Pima."

"Shemeji, haya hayako kwenye orodha yangu. Mimi napima maziwa."

"Pima, baba. Hii mashine haili mshahara."

Alifunga mlango kwa ndani. Alijaza mashudu kwenye chupa, akaiingiza chunguni, akafunika. Dakika kumi walikaa wakisikiliza feni ya mashine. Mara moja mpimaji alimuuliza mtoto hajambo, naye akajibu hajambo. Kikaratasi kilipotoka, mpimaji alikisoma, akakisoma tena, na chai ikabaki pale pale ikipoa.

"Ngapi?"

"Elfu tatu na mia moja."

"Na mwisho wa mashudu ni ngapi?"

"Ya kwenda nje, mia tatu."

"Na ya kubaki hapa?"

Mpimaji alikikunja kikaratasi mara nne, akakitia mfukoni. "Ya kubaki hapa hayana mwisho. Hakuna kilichoandikwa."

"Nipe hicho kikaratasi."

"Siwezi."

"Nipe."

"Nina watoto wanne, shemeji, na kazi moja. Ukitaka, sema umeota. Sema umeambiwa na ng'ombe. Lakini usiseme umetoka kwangu."

Mama Usafi alimtazama usoni. Uso ule ulikuwa na pua ya mume wake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Basi mpime mtoto," akasema. "Kanywa maziwa yale wiki tatu. Mpime tu nijue."

"Mashine haipimi watu."

"Inapima nini?"

"Kinachoingia kwenye chungu." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: "Imeletwa kwa ajili ya bidhaa."

Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisi ya usafirishaji wa mazao. Afisa wa pale watu walimwita Bwana Muhuri, kwa sababu mihuri yake sita aliitundika kwenye kijiti mezani kama funguo za jela. Alimweka Mama Usafi kwenye benchi la nje mpaka saa tano, na alipomwita ndani hakumwambia akae.

Mama Usafi alilitandaza gunia mezani. Bwana Muhuri alilisoma bila ya kuligusa.

"Umelipata wapi?"

"Dukani kwa Mwenyekiti. Ninayo mengine mawili yamejaa. Duka zima limejaa haya haya."

"Nani kakwambia yana kitu?"

"Muhuri ndio huo. Yamekataliwa."

"Yamekataliwa huko." Alinyoosha kidole dirishani, ingawa dirisha lile lilitazama choo. "Wale wana kiwango chao. Sisi kazi yetu ni kudhibiti vinavyotoka. Kila kinachotoka hapa kina cheti, na mimi ndiye ninayekisaini. Sasa hayo mashudu yametoka?"

"Yalitoka, yakarudi."

"Basi hayakutoka."

"Bwana mkubwa, ng'ombe wameyala."

"Kuna sheria gani inayosema ng'ombe wa hapa asiyale?"

Bwana Muhuri akangoja, kama mwalimu anayejua kuwa mwanafunzi hana jibu.

"Hakuna," akajijibu mwenyewe. "Hapa hakuna kiwango. Na pasipokuwa na kiwango, mama, hakuna kilichozidi. Lakini maziwa yako yana kiwango, kwa sababu yanatoka. Na maziwa yako yamezidi. Kwa hiyo mwenye kosa hapa ni nani?"

"Mimi sikuvunja amri hata moja."

"Maziwa hayasemi uongo."

Alilikunja gunia taratibu, pembe kwa pembe, kama anayekunja bendera, akalitia kwenye droo na kuifunga. Kisha akamuuliza kama ana jambo jingine, maana watu wa meli walikuwa wakimngoja kwenye simu.

Kabla hajafika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Jirani yake, ambaye kwa kucheka kwake walimwita Mama Kicheko, alikuwa akimngoja kwenye uzio. Hao wawili walizaa mwaka mmoja, wakanyonyeshana watoto. Siku hiyo hakucheka.

"Shoga, umekwenda kusema nini kule?"

"Nimesema tunalishwa sumu."

"Wanasema ukiendelea, kituo kizima kitafungiwa. Si wewe peke yako. Sisi sote."

"Wewe nyasi zako zimebakia za siku ngapi?"

"Nne. Tano nikibana."

"Halafu utawapa nini?"

Mama Kicheko alichezea ncha ya khanga yake. "Mkutano saa kumi," akasema. "Uje umejipanga."

Mkutano ulifanyika kituoni, watu wamekaa juu ya mikebe iliyopinduliwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa sauti ya upole, aliyezoea kuzungumza na watu wanaomhitaji. Alianza kwa kumwombea dua marehemu mume wa Mama Usafi. Kisha akasema kwamba wanunuzi wa nje wamepata habari ya mkebe mmoja, na wanataka maelezo ya maandishi.

"Wanauliza swali moja tu. Imetokeaje? Tukiwaambia hatujui, watafunga. Tukiwaambia ni kosa la mtu mmoja aliyekwenda kukata majani kwenye bonde lililofungwa, wataelewa. Wao pia ni watu. Makosa yapo."

"Sijakanyaga bondeni," Mama Usafi akasema.

"Mama, hakuna anayetaka kukufunga. Ni karatasi tu."

"Ni mashudu yako. Yametoka ng'ambo, yakakataliwa melini, ukageuza magunia ndani nje, ukatuuzia."

Mnong'ono ulipita. Mwenyekiti hakuonyesha kukasirika. Alionyesha kusikitika, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Haya. Gunia liko wapi?"

"Bwana Muhuri kalifungia kwenye droo. Mengine yako kwangu."

"Gunia hata jalalani linaokotwa. Nani aliyapima hayo mashudu?"

Mama Usafi alimgeukia shemeji yake. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kijumba cha vigae, na watu wote wakageuka pamoja naye.

"Mpimaji," Mwenyekiti akamwita kwa upole, "ulipima mashudu?"

Alijifuta mikono kwa kile kitambaa chake.

"Mimi napima maziwa," mpimaji akasema.

"Swali ni kama ulipima mashudu."

"Sikupima."

Mama Usafi hakupiga kelele. Alitamani kukaa, lakini hakuwa na mkebe wa kukalia. Ule wenye msalaba walikuwa wamemkataza kuuleta. Alitazama nyuso. Huyu alimsaidia ng'ombe wake kuzaa, mkono wake ndani mpaka begani. Yule walilia pamoja msibani. Wote walikuwa wakimtazama kama mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba inayoungua, akiwazuia kutoka.

"Saini, mwanamke!" mzee mmoja alifoka. "Una ng'ombe wawili. Mimi nina kumi na mmoja. Unataka niwale?"

"Nikisaini, kesho mtanunua mashudu yale yale. Na maziwa yenu yatapigwa msalaba kama yangu."

"Hayatapigwa," Mwenyekiti akasema. "Hilo nimelimaliza na ofisi. Tangu kesho hatupimi mkebe mmoja mmoja. Tunamimina yote kwenye tangi, tunapima tangi. Kilichozidi kwa huyu kinafidiwa na kilichopungua kwa yule. Ndiyo maana ya ushirika."

Watu walicheka, kicheko cha kupumua. Baadhi wakapiga makofi. Karatasi ilipitishwa. Mama Usafi alikataa kuigusa, na Mwenyekiti akasema hapana neno, asiyesaini wenzake watamsainia kama mashahidi. Kalamu ilikwenda mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Mama Kicheko, aliishika muda mrefu kuliko wengine. Kisha akainama, akaandika jina lake kwa herufi kubwa za darasani, moja moja.

Lori lilikuja kesho yake saa nne. Askari wawili, dereva, na karani wa ushirika aliyesoma amri kwa haraka: mifugo iliyolishwa majani ya eneo lililofungwa inaondolewa. Waliwapandisha ng'ombe mweusi na wa madoa kwa ubao. Mtamba aligoma, akateleza, akapiga goti, akavutwa kwa mkia na pembe. Karani alikwenda bandani akatoka na yale magunia mawili yaliyojaa, akayatupia mbele, karibu na dereva.

"Hayo ni yangu. Nimeyanunua," Mama Usafi akasema.

"Ni ushahidi," karani akajibu.

"Basi niandikie."

Karani alipanda lori.

Alimkimbilia dereva, akalishika dirisha. "Mnawapeleka kuzikwa wapi?"

Dereva, mtu mnene aliyekuwa akila karanga, alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kuzikwa? Ng'ombe wazima hawa? Wanakwenda machinjioni."

"Si mmesema wana sumu?"

"Mama, nyama ya hapa haisafirishwi." Alitia gia. "Toa mkono."

Siku mbili alikaa ndani. Binti yake aliuliza kuhusu mtamba mara moja, hakuuliza tena. Shemeji alituma unga na sukari kwa mkono wa mkewe. Mama Usafi akavirudisha bila ya kufungua. Siku ya tatu, nyasi za watu zikiwa zimeanza kwisha, alijifunga khanga kiunoni, akaenda akasimama mbele ya duka la ushirika.

Foleni ilifika barabarani. Magunia meupe yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Mama Usafi alimwambia kila aliyetoka na gunia neno moja moja, bila ya kupaza sauti: ligeuze. Ligeuze utazame ndani. Wengine walimpita kama nguzo. Mmoja alimwambia akatafute mume. Mzee wa ng'ombe kumi na mmoja alitoka na mkokoteni uliojaa, akasimama.

"Tumekwishageuza," akamwambia. "Unadhani sisi hatujui kusoma?"

"Na mnawapa?"

"Ng'ombe hawali maneno, mama." Akausukuma mkokoteni wake.

Kwenye kituo ng'ambo ya barabara tangi lilikuwa likijazwa. Mpimaji alichota chupa yake moja, akaingia nayo kwenye kijumba cha vigae, na baada ya dakika kumi akatoka, akamwendea Bwana Muhuri aliyengoja kivulini na kijiti chake cha mihuri. Themanini na mbili, watu walipashana. Themanini na mbili tu! Cheti kiligongwa muhuri juu ya boneti ya gari.

Mama Kicheko alikuwa wa mwisho kabla ya duka kufungwa kwa chakula cha mchana. Alitoka akiliburuta gunia kwa masikio yake mawili, akalifikisha pale aliposimama Mama Usafi, akaliacha chini baina yao. Alikuwa amevimba macho.

"Watoto nimewakataza," akasema kabla hajaulizwa. "Wallahi, tone hawaonji. Ni ya kuuza tu."

Mama Usafi alizitazama nyuzi za mshono zilizoning'inia nje ya gunia.

"Nikiwaacha ng'ombe wakafa njaa, watoto nitawalipiaje ada? Nambie wewe. Nambie nifanyeje, nifanye."

Mama Usafi hakuwa na la kumwambia, na Mama Kicheko aliliona hilo, uso ukamlegea kidogo, si kwa furaha. Alisokota kipande cha khanga kuwa kata, akakiweka utosini, akajaribu kulinyanyua gunia peke yake. Lilimshinda. Alijaribu tena, likamwangukia mguuni.

"Nitwike, shoga," akasema.

Nyuma yao mwuza duka alikuwa akitikisa funguo. "Mtwikeni huyo mwanamke aondoke mlangoni!" akapaza sauti. "Mna nini nyie?"

Mama Kicheko alikwisha kupiga magoti, mikono juu ya mapaja, shingo ameinyoosha, akingoja uzito.